Jengeni nyumba, pandeni bustani: namna ya kumtumaini Mungu wakati bado unangoja

Yeremia 29:11 ni mstari unaopendwa sana na wapendwa. Utaukuta kwenye kadi za mahafali, kwenye vioo vya daladala, kwenye stetasi za WhatsApp kila tarehe mosi Januari: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni neno la kweli, nami nalipenda. Ila wengi tumelipokea likiwa limekatwa kutoka kwenye barua yake, ile nabii Yeremia aliyowaandikia mateka wa Yuda walioko Babeli. Mtu analishika kwa nguvu Januari. Inafika Agosti kazi haijapatikana, mimba haijatunga, kesi ya kiwanja haijaisha, na anaanza kujiuliza kama Mungu amemsahau au imani yake ndiyo ndogo.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo: anaamini, anaomba, na bado anangoja. Nitafuata sura hiyohiyo ya 29, kwa sababu barua ile ina maelekezo ya kuishi karibu na Mungu siku ambazo jibu halijaja. Andaa Biblia, daftari, kalamu na nusu saa kwa siku.

Hatua ya kwanza: soma barua nzima, ujue walioandikiwa walikuwa wapi

Mwaka 597 K.K. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alimchukua Yekonia, mfalme kijana wa Yuda, pamoja na mama yake, wakuu wake, mafundi na wahunzi. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 24, kinataja mateka elfu kumi. Waliobaki nyuma walikuwa watu maskini wa nchi. Yeremia naye alibaki Yerusalemu. Aliandika barua akawakabidhi Elasa na Gemaria, wajumbe waliotumwa kwenda Babeli na Sedekia, mfalme aliyewekwa mahali pa Yekonia. Njia yenyewe ilikuwa ndefu: Ezra alipoisafiri miaka mingi baadaye, akitoka Babeli kurudi Yerusalemu, alitumia miezi minne.

Sasa fuata mpangilio wa barua. Mstari wa 5 na wa 6: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, waozesheni watoto wenu. Wa 7: utakieni amani mji mliopelekwa, mkauombee. Wa 8 na wa 9: msidanganywe na manabii na waaguzi walio kati yenu. Wa 10: miaka sabini ikitimia Babeli, ndipo nitakapowajilia. Na hapo ndipo unapokuja ule wa 11 tunaoujua.

Piga hesabu kidogo. Kijana aliyekamatwa mwaka 597 akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 78 Babeli ilipoangushwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539. Wengi waliosikia barua ikisomwa walizikwa ugenini. Ahadi ilikuwa yao kweli, lakini sehemu kubwa ya utimilifu wake waliiona watoto na wajukuu wao. Waebrania 11:13 inasema jambo hilohilo juu ya akina Abrahamu, kwamba walikufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi, wakaziona tokea mbali. Najua hili ni gumu kumeza, hasa kwa mtu aliyezoea kuambiwa "mwaka huu hautapita." Lakini imani iliyojengwa juu ya barua nzima haibomoki mwaka ukipita.

Soma Yeremia 29:1–14 kwa sauti, mara tatu, polepole. Kama unasomea kwenye simu, zima data kwanza. Kisha jibu daftarini: nani anaandika, anawaandikia nani, wamepatwa na nini, anawaagiza nini, anawaahidi nini, na lini. Usiharakie kuuliza "mimi inanihusu nini" kabla hujamaliza maswali hayo.

Hatua ya pili: andika unachongojea, na umwambie Mungu kinavyouma

Andika kwa jina. Usiandike "breakthrough" wala "mpenyo", andika "ajira ya ualimu niliyoiomba tangu nihitimu," "mtoto," "mume wangu aache pombe," "baba apone figo." Ombi lisilo na jina halilii wala halishukuru.

Kisha lia, kama una cha kulilia. Kuna mafundisho yameenea sana kwamba Mkristo akisema "naumia" amekiri kushindwa, hivyo watu wanakuja ibadani na majeraha yao wameyafunika na "nimebarikiwa." Wahamishwa wa Babeli hawakufanya hivyo. Zaburi ya 137 inawaonyesha wameketi kando ya mito, wanalia, vinubi wamevitundika. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini. Zaburi ya 88 inaisha gizani, bila hata mstari mmoja wa ushindi, na bado ni maombi, bado imo kwenye Biblia. Chukua mojawapo ya hizo uisome mbele za Mungu kama maneno yako mwenyewe. Mtu anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye. Ninayemhofia zaidi ni yule aliyenyamaza huku anaendelea kuimba kwaya.

Ukimaliza, gawa ukurasa safu mbili. Upande wa kushoto andika mambo ambayo Mungu amewaahidi watu wake wote waziwazi: kuwa pamoja nasi hata ukamilifu wa dahari (Mathayo 28:20), msamaha kwa anayeungama (1 Yohana 1:9), hekima kwa anayeomba (Yakobo 1:5). Upande wa kulia andika mambo unayotamani ambayo hakuna andiko lililokuahidi wewe binafsi: kazi ile, mtu yule, mwezi ule. Safu ya kulia si dhambi, iombee kwa ujasiri wote. Lakini ukishindwa kuzitenganisha, siku jambo la kulia litakapokataa utadhani Mungu amevunja neno la kushoto. Nimeona watu wakiacha wokovu kwa kosa hili moja, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaonyesha tofauti.

Hatua ya tatu: tafuta ulichokiahirisha, kianze

Hapa ndipo ningependa ukae kuliko kwingine kote, kwa sababu ndipo kumtumaini Mungu kunapoonekana kwa mikono.

Malizia sentensi hii mara tano daftarini: "Mungu akishanijibu, nita..." Iache kalamu iandike. Wengine wataandika: nitaanza kutoa fungu la kumi, nitahamia chumba chenye dirisha, nitawaita ndugu zangu nyumbani, nitasomea ufundi, nitacheka tena. Halafu ipitie orodha ukijiuliza, kwa kila jambo: lipi naweza kulianza mwezi huu kwa nilicho nacho? Chagua moja. Moja tu.

Mateka wale walikuwa na sababu nzuri ya kukaa juu ya mizigo yao. Walijua nchi yao iko wapi, na walikuwa na manabii waliowaambia wanarudi karibuni. Kwa nini uchimbe msingi kwenye ardhi ya adui? Lakini Mungu aliwaambia wachimbe, wapande miti wasiyokuwa na uhakika wa muda gani wataila. Inaonekana walitii. Vimepatikana vibao vya udongo vya Kibabeli vinavyotaja kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. Cha zamani zaidi kati ya vinavyojulikana ni cha mwaka 572 K.K. Humo kuna Wayahudi wanaolima, wanaolipa kodi, wanaokopeshana, wanaoandikiana mikataba. Ni maisha ya kawaida kabisa, katika nchi waliyopelekwa kwa nguvu. Na kutoka katika maisha hayo ya kawaida Mungu alihifadhi watu: orodha ya Ezra 2 inahesabu 42,360 waliorudi. Kama baba zao wangekataa kuoa mpaka warudi, orodha hiyo isingekuwepo.

Kwa hiyo, mhitimu unayesubiri ajira: imani yako haipungui ukianza kufuga kuku, ukijitolea kufundisha shule ya mtaani kwenu, ukijifunza kushona au kufunga umeme. Endelea kutuma maombi ya kazi. Mungu ana uwezo wa kukutoa bandani kwako kama alivyomtoa Daudi malishoni.

Wanandoa mnaongojea mtoto: nendeni hospitali mkapimwe wote wawili, kwa kuwa tatizo linaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote, na mwanamke asibebeshwe peke yake mzigo wa mikesha na maneno ya mawifi. Dawa na maombi havigombani. Na pendaneni sasa hivi. Nyumba ya watu wawili ni nyumba.

Dada uliye Muscat au Dubai kwenye kazi za ndani, unayehesabu miezi ya mkataba: unaweza kukariri zaburi moja ukipiga pasi, unaweza kuwapigia watoto nyumbani ukawaombea kwa majina, unaweza kujiwekea akiba yako mwenyewe kidogo kabla hujatuma yote. Hiyo nayo ni bustani. Ila kama unapigwa, umenyang'anywa pasipoti au hulipwi, barua hii haikuambii uvumilie. Tafuta msaada wa ubalozi na wa watu unaowaamini.

Neno kwa yeyote anayeishi chini ya mkono wa mtu mkatili, hata awe nyumbani kwake: usikubali mtu akusomee Yeremia 29 ili ubaki unaumizwa. Yeremia aliwaandikia watu ambao hawakuwa na njia ya kutoka. Wewe ukiwa nayo, itumie.

Hatua ya nne: omba amani ya mahali ulipo

Mstari wa 7 ungewaudhi wasikilizaji wa kwanza. Wauombee mji uliowateka! Wengi wetu tunaombea tutolewe tulipo. Barua inatuambia tuombee pia tulipo.

Fanya hivi. Andika majina ya watu watano ambao maisha yako yamefungamana nao bila wewe kuwachagua: mwenye nyumba, bosi, mjumbe wa mtaa, jirani wa muziki mkubwa, mama mkwe. Kila siku ombea mmoja, kwa kumtakia mema ya kweli: afya yake, watoto wake, biashara yake. Usianze kwa "Bwana mbadilishe." Kwa wiki za kwanza midomo itakuwa mizito. Endelea.

Danieli ni mfano mzuri wa mtu aliyeishi mstari huu. Alisomeshwa lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, akatumikia ikulu ya wafalme wageni kwa uaminifu ambao maadui zake hawakupata pa kuushika, na mara tatu kwa siku akapiga magoti madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Alifanya kazi ya Babeli vizuri na moyo wake haukuhama. Kama unafanya kazi usiyoipenda, soma Danieli 6:1–10 ukiangalia jinsi kazi yake na maombi yake yalivyokaa pamoja.

Hatua ya tano: pima kila unabii unaokufikia

Watu wanaongoja wana njaa, na wenye njaa huuziwa kitu chochote. Ndiyo maana mistari ya 8 na 9 imo ndani ya barua.

Soma sura ya 28. Nabii Hanania anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, anasema kwa jina la Bwana kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu, mfalme Yekonia na mateka wote watarudi. Nadhani watu walipiga vigelegele. Na Yeremia anajibuje? Anasema Amina, Bwana na atende hivyo. Naye alikuwa anatamani warudi! Kisha anakumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania anaivua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kuwa ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, anaivunja, na Yeremia anaondoka zake. Hakubishana mpaka Bwana aliposema naye tena. Ndipo aliporudi na kumwambia Hanania kwamba amewatumainisha watu uongo, na kwamba atakufa mwaka ule. Hanania alikufa mwezi wa saba, miezi miwili baada ya unabii wake.

Fundisho lake kwetu liko pande mbili. Paulo anaandika katika 1 Wathesalonike 5:20–21, "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Sipingi kwamba Mungu anasema leo. Lakini ukipewa neno, liandike na tarehe, halafu uliulize maswali. Je, linataka pesa ili litimie? Sadaka ya kufungulia muujiza, mafuta au maji ya kununua, mbegu ya kiasi kilichotajwa: hapo ondoka, huhitaji swali la pili. Je, linakuambia uache dawa za presha, kisukari au ARV? Usizichezee hata siku moja. Aliyepona kweli daktari ataona kwenye vipimo. Je, linamtaja bibi au shangazi yako kuwa ndiye aliyekuroga? Unabii wa namna hiyo umevunja familia nyingi, na wazee wetu wameumizwa kwa ajili yake. Je, aliyelisema anakubali kuulizwa, na yuko chini ya usimamizi wa mtu yeyote? Je, linakufanya umtafute Mungu zaidi, au umtafute mtumishi zaidi?

Likipita maswali yote hayo, sema Amina kama Yeremia, liweke moyoni, endelea kujenga nyumba. Likiwa la Bwana litatimia bila wewe kusimamisha maisha.

Hatua ya sita: geuza unachosoma kuwa maombi

Mistari ya 12 na 13 inaahidi kwamba watakaomtafuta kwa moyo wote watamwona. Danieli 9 inatuonyesha mtu mmoja akifanya hivyo kwa barua hizihizi. Akiwa mzee, anasoma maneno ya Yeremia, anaelewa hesabu ya miaka sabini, na papo hapo anafunga, anavaa magunia, anaomba. Angeweza kusema muda umefika, mambo yatajiendea. Ahadi ilimsukuma magotini.

Angalia maombi yenyewe, mstari wa 4 hadi wa 19. Anaanza kwa ukuu na uaminifu wa Mungu. Kisha toba, tena ndefu, na anasema "tumefanya dhambi," akijihesabu pamoja na taifa lake. Ombi lenyewe linakuja mwishoni, nalo linasimama juu ya rehema za Mungu, kwa maana Danieli anasema wazi haombi kwa haki yao. Maombi yetu mengi yanaanzia pale Danieli alipomalizia.

Utaratibu wa nusu saa unaweza kuwa huu: dakika kumi kusoma, dakika tano kuandika jambo moja ulilojifunza juu ya Mungu na moja juu yako, na dakika kumi na tano za kuomba kwa mpangilio wa Danieli. Alfajiri inawafaa wengi. Mama mwenye mtoto mchanga au mlinzi wa zamu ya usiku achague saa yake bila kujilaumu. Kufunga nako kuna nafasi yake, ila mjamzito, mgonjwa wa kisukari au mwenye vidonda vya tumbo asifunge chakula kabla ya kumuuliza daktari. Unaweza kufunga simu.

Hatua ya saba: usisome barua hii peke yako

Yeremia aliwaandikia wazee, makuhani, manabii na watu wote. Haikuwa barua ya mtu mmoja. Jiunge na jumuiya au ushirika wa nyumbani ulio karibu nawe, na zaidi ya hapo tafuta mtu mmoja mkomavu, wa jinsia yako, wa kumwonyesha daftari lako mara moja kwa mwezi. Kundi la WhatsApp halitoshi. Kama huzuni yako imezidi mpaka hulali, huli, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo, na uende hospitali. Mungu aliyemtuma malaika na mkate kwa Eliya chini ya mretemu haoni aibu kukusaidia kwa mkono wa daktari.

Wiki ya kwanza

Jumatatu soma Yeremia 27, Jumanne 28, Jumatano 29:1–14 pamoja na maswali ya hatua ya kwanza. Alhamisi Zaburi 137 na 13, halafu safu mbili. Ijumaa andika ile sentensi ya "Mungu akishanijibu," uchague jambo moja. Jumamosi lianze, hata kwa saa moja. Jumapili soma Danieli 9:1–19, na ukitoka ibadani mtafute yule mtu wa kutembea naye. Wiki ya pili ingia Danieli 1 hadi 6, sura moja kwa siku, kisha Ezra 1 hadi 3. Ukikosa siku, endelea pale ulipoishia, usianze upya. Baada ya miezi mitatu rudi kwenye ukurasa wa safu mbili, weka tarehe, uandike kwa kila mstari kilichotokea: kimejibiwa, kimekataliwa, bado. Palipo na "bado," endelea kuomba kwa jina lake lilelile.